Ubushera Ambao Sikuuonja

Nyakarenzo, Cyangugu,
Jumanne, tarehe 28 Januari 2003

Mpendwa mjukuu wangu Bella,

Nakusalimu katika jina la Bwana, mimi koko yako, niliye mzima wa kichwa na mzima wa mdomo, ingawa goti la kushoto linapanda mlima huu kwa kunung'unika. Habari ya afya yako? Habari ya mume wako Kalisa, na kile kifua chake kilichokuwa kinakohoa? Mtoto ameota meno mangapi? Umeniandikia kurasa nne na hukuhesabu meno ya mtoto hata mara moja. Nani alikufundisha kuandika barua?

Sisi huku tuko wazima. Mvua ilirudi baada ya Noeli na maharagwe yametoka vizuri. Mbuzi amezaa mapacha, dume na jike, na yule dume ana kiburi kama mjomba wako Mucyo. Mucyo mwenyewe yuko Kamembe anatengeneza baiskeli. Ananiletea samaki wadogo, sambaza, siku ya Jumamosi, kama amekumbuka kwamba ana mama.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Ukiona herufi kubwa kama viazi, usicheke. Miaka miwili tu nilikaa shuleni, na imenitosha kusoma Biblia yote mara mbili. Wewe mwenye diploma hujaimaliza hata mara moja, na usinibishie, najua. Mzee Munyemana ndiye atakayeileta, maana lori lake linatoka Alhamisi kuja huko Mwanza. Mpe chai yenye maziwa, si yale maji ya rangi mnayokunywa nyie vijana.

Sasa nakuja kwenye jambo lako. Unasema miezi mitano unaenda kanisani huko na hakuna muntu aliyekuuliza jina. Unasema unakaa kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango, na unatoka kabla ya sala ya mwisho ili usione watu wakisalimiana na kukuacha. Tena unasema umechoka, labda utabaki nyumbani.

Nilipoisoma niliwagombeza watu wa Mwanza, peke yangu, kwa sauti, mpaka kuku wakakimbia. Kisha nikakugombeza wewe. Kisha nikaiweka barua chini, maana nilikumbuka kwamba mwezi huu mimi mwenyewe nimemfukuza mgeni kanisani kwa mikono yangu hii. Nimemfukuza mimi, mkubwa wa mapokezi! Jambo lenyewe ni la aibu, lakini nitakusimulia. Usimsomee Kalisa. Au msomee, maana najua utamsomea.

Védastine unamjua, yule wa nyumba yenye bati la kutu, chini ya kisima. Alirudi mwaka wa 97 kutoka misitu ya Congo, na batoto wawili wa kike, bila mume. Mume alibaki huko porini na hakuna ajuaye ni wapi. Sisi tulizaliwa Congo, vita ya 94 ilipoisha tukarudi nyumbani juu ya lori, tukiimba. Yeye alizaliwa hapahapa, vita hiyohiyo ikamkimbiza Congo, akarudi kwa miguu. Miaka sita tumechota maji kisima kimoja, na salamu zetu zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. "Mwaramutse." "Mwaramutse." Basi, kila muntu na ndoo yake.

Mwezi wa kumi na mbili pasta wetu Wenceslas alitangaza kwamba Jumapili ya tarehe 19 Januari kila Mkristo alete rafiki mmoja asiye wa kanisa letu. Watu walijibu amina kubwa, ya kutikisa bati. Halafu kila mmoja akaenda kumwalika dada yake, ambaye ni Mkristo tangu tumboni! Nikasema, hapana, mimi nitamleta Védastine. Maman Patricie, yule anayeongoza korali, akanicheka: "Yule? Atakufungia mlango kwenye pua." Aliponiambia hivyo, akanifungia njia ya kurudi nyuma. Wewe unanijua.

Nilienda mara ya kwanza, Védastine akasema hana nguo ya kanisani. Nikamwambia Mungu ameshaona vitambaa vibaya kuliko hicho chako. Nilienda mara ya pili, akasema watu watamwangalia. Nikamwambia watu wana macho, wayaweke wapi? Mara ya tatu nilimkuta analima, nikashika jembe nikalima pembeni yake mistari miwili bila kuongea. Ndipo akasema lile lililokuwa moyoni, bila kuniangalia:

"Maman, nikija kule, bantu bataniuliza bwana yangu iko wapi, na alifanya nini wakati ya vita. Nitajibu nini mbele ya batoto?"

Nilisema tu, "Uje, ukae karibu na mimi." Akafikiri mpaka mwisho wa mstari. Akasema, "Nitakuja mara moja. Nikiona si pangu, usirudie kunifuata."

Mara moja tu. Sasa unaelewa jinsi moyo wangu ulivyokuwa.

Kwa ajili ya hiyo mara moja niliamua kufunga siku tatu, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, bila chakula wala maji mpaka jua lizame. Na sikumwambia yeyote. Bwana alisema ukifunga nawa uso na ujipake mafuta kichwani, watu wasijue. Nilinawa, nikajipaka mafuta mpaka nikang'aa kama chungu kipya. Kumbe kiburi nacho kinajua kujipaka mafuta.

Ubushera niliutengeneza mwenyewe, ule wetu wa mtama usiolevya, bidon mbili. Uliiva vizuri, kwa harufu tu nilijua. Gobele za kunywea, kumi na mbili, niliazima kwa Maman Shadia, yule Mwislamu mwenye duka Kamembe. Hakudai kitu. Alisema tu, "Wageni wako ni wageni wa Mungu, na gobele zangu urudishe zote."

Jumapili ikafika. Védastine akaja! Kitenge kimefuliwa, batoto wamepakwa mafuta, miguu imesuguliwa mpaka nyeupe. Nikamkalisha karibu na mimi, benchi la pili. Pasta akasema wageni wasimame, wakasimama kumi na mmoja. Védastine akasema jina lake na mlima anaokaa kwa sauti ndogo ya kuku mgonjwa. Watu wakampigia makofi, korali ikaimba wimbo wa kupokea wageni, na hakuna aliyeuliza kitu. Nikasema moyoni, Mungu, umenisikia, hata siku tatu hazijaisha.

Baada ya ibada tuliwaingiza wageni katika kile chumba cha matofali nyuma ya kanisa. Nikamimina ubushera. Gobele ya kwanza nilimpa Védastine, kwa mikono miwili, kwa heshima yote. Akaipokea. Akaniangalia. Nikamwangalia. Akaendelea kuniangalia. Nikasema, "Kunywa." Akasema, "Aksanti, Maman," na hakunywa.

Nikawapa wengine. Nao vilevile, kila mmoja gobele mkononi, macho kwangu, kama kuku wanaosubiri mahindi. Koo langu lilikuwa kavu, jua linawaka, harufu ya mtama inaniingia puani, na watu kumi na mmoja wanakataa kunywa kitu ambacho mimi ningekinywa bidon nzima! Hasira ikanipanda. Nikasema kwa sauti:

"Sasa mumekuja kushika gobele ao mumekuja kunywa?"

Mke wa askari mmoja akaweka yake juu ya dirisha. Mwingine akaweka yake. Védastine akainama, akaiweka gobele chini polepole ili isimwagike, akashika batoto wake mkono mmoja huku, mkono mmoja huku, akatoka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema nyuma yake, "Masikini mwenye kiburi!" Alisikia. Mgongo wake ulisikia.

Nilirudi nyumbani na bidon zangu mbili zimejaa, na matusi yamejaa vilevile.

Asubuhi ya Jumatatu Maman Patricie akaja, hakutaka hata kiti.

"Maman Mukagasana, unajua wanasema nini kisimani?"

"Kisimani wanasema kila siku."

"Wanasema uliwapa wageni kitu ambacho wewe mwenyewe ulikataa kukiweka mdomoni."

Nikaruka. "Mimi? Mimi ninawapa watu sumu? Nani amesema? Nitamfuata sasa hivi!"

"Kwanza niambie. Ulionja?"

Bella, nilifungua mdomo na hakuna neno lililotoka. Mimi! Iandike tarehe hiyo ukutani.

Unajua desturi yetu, hakuna haja ya kukufundisha. Ukimpa mgeni kinywaji unaonja kwanza wewe, mbele ya macho yake, ndipo unampa. Mababu walifanya hivyo, hata Bukavu tulifanya hivyo. Na tangu vita, tangu watu wazoee kuogopana mpaka kwenye sahani, asiyeonja ni kama amesema neno baya. Miaka yangu yote naonja bila kufikiri, kama mtu anavyopepesa macho. Siku ile sikuonja kwa sababu ya funga, na sikufikiri vilevile. Na fikiria ni nani aliyekuwa wa kwanza kupewa! Mwanamke aliyerudi kutoka msituni, anapewa kinywaji na mwanamke wa upande wetu tuliorudi tukiimba, asiyeonja, anayemwambia "kunywa".

Patricie akaniuliza tena, "Kwa nini hukuonja?" Ilibidi niseme. Nilisema nikiangalia ukuta, "Nilikuwa nafunga." Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la maharagwe, akajifuta machozi kwa kitenge. "Unafunga ili waje, na funga yako inawafukuza!" Halafu akaenda kumwambia pasta, na pasta akaniambia njiani, "Nani alikutuma kufunga siku ya Jumapili, siku ya furaha?" Nikamwambia na yeye kama alikuwa na furaha hiyo angekuja kuonja.

Lakini moyoni sikuwa nacheka. Nilikuwa nasikia lile neno: mara moja tu, usirudie kunifuata. Nikasema, nikienda nitavunja neno lake. Nisipoenda, batoto wale watakua wakijua kwamba kanisa la Mukagasana ni nyumba ya sumu. Nikachukua fimbo yangu nikateremka, saa kumi ya mchana, katika matope. Nilianguka mara moja. Usimwambie Mucyo.

Védastine alikuwa mlangoni anachambua maharagwe. Nilisema hodi. Hakusema karibu. Aliniangalia, matope mpaka kiunoni, akainuka, akaingia ndani, akatoka na kibuyu na kikombe cha plastiki. Akamimina. Akanipa.

Na hakuonja.

Alisimama pale mikono kwenye kiuno, batoto wake nyuma yake, wananitazama. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Congo, saa mbili nzima zimebaki nimalize siku yangu ya tatu. Nikasema moyoni, Bwana, funga hii uichukue kama ilivyo, imekatika mkia. Nikanywa. Nikanywa yote, mpaka machicha ya mtama yakanijaa kwenye meno.

Bella, ule ubushera ulikuwa mubaya! Ulichacha mpaka machozi yakanitoka na sikio likalia. Kwa siku tatu tumbo langu halikuwa na kitu mchana, halafu likaletewa siki!

"Hukuogopa?" akaniuliza.

"Niliogopa," nikasema. "Lakini kama kuna sumu humu ndani, imeshakufa. Nani alikufundisha kutengeneza ubushera, binti yangu? Huu unaweza kufua nguo."

Mtoto mkubwa ndiye aliyecheka kwanza, kisha akaziba mdomo. Halafu mama yake. Miaka sita, Bella, sijawahi kuona meno ya Védastine. Ana mwanya mzuri.

Ndipo nikaketi chini, nikamwambia yote, funga, mafuta ya kichwani, yote.

"Kwa hiyo leo ulikuwa unafunga?"

"Ndiyo."

"Na umevunja."

"Nimevunja."

"Juu ya ubushera mubaya."

"Juu ya ubushera mubaya, ndiyo, na usinikumbushe."

Nikamwomba msamaha kwa lile neno nililomtupia mgongoni. Goti lilikataa, basi nilisema nikiwa nimeketi. Akachagua maharagwe mawili, akatupa moja. Akasema, "Masikini, ni kweli. Lakini kiburi, Maman, hapo unanishinda mbali." Sikubisha. Alisema tena, taratibu, juu ya mume wake, kama watu watauliza. Nikamwambia, "Anayetaka kuuliza, aje aniulize mimi kwanza. Nitamwonyesha mlango wa kutokea, na mlango huo naujua, nimeutumia vibaya jana." Hakusema atakuja. Alinisindikiza mpaka kisimani tu, akarudi.

Nikalala siku sita bila kujua kama atakuja. Jumapili ya juzi nilifika kanisani mapema, nikaweka kitenge changu kwenye benchi la pili kushika nafasi. Watu wakajaa. Wimbo wa kwanza, hakuna mtu. Wimbo wa pili, hakuna mtu. Patricie alikuwa ananiangalia kutoka kwenye korali, na safari hii hakucheka. Wakati wa matangazo mlango ukalia, akaingia, batoto mbele, akapita katikati ya watu wote, akakiondoa kitenge changu, akaketi.

Pasta akasema, "Wageni wetu wa leo wasimame, tuwapokee." Wakasimama wanne. Batoto wa Védastine wakaanza kuinuka, akawavuta chini kwa nguo. Pasta akamtabasamia, akasubiri. Kanisa lote likasubiri. Nikamgusa kwa kiwiko.

"Simama."

"Kwa nini?"

"Bageni banasimama."

Hakupunguza sauti, Bella, ile sauti ya kuku mgonjwa sijui aliiacha wapi: "Mimi si mugeni. Nilishasimama. Katika kanisa hii muntu anakuwa mugeni mara ngapi?"

Watu wakacheka, wazee wakapiga makofi, na korali ikapotea, wengine wakaanza wimbo huu na wengine ule. Pasta akasema, "Basi aliyeketi ni wa nyumbani," akaendelea na matangazo. Védastine alibaki ameketi, mikono imekunjwa, shingo imenyooka, kama mtu aliyezaliwa juu ya benchi lile. Mimi nililia kidogo, lakini ni kwa sababu ya vumbi.

Sasa wewe, binti. Nimekuambia haya ili ujue kwamba asiyekusalimu huenda hakuchukii. Huenda ni mjinga kama koko yako, ana jambo lake moyoni na anafikiri mnajua. Na wewe huenda unasubiri waonje kwanza. Mnaweza kusubiriana mpaka Bwana arudi. Jumapili hii ukae mbele, Kalisa upande huu na mtoto upande huu. Sala ya mwisho ikiisha, mwanamke aliye karibu nawe umuulize jina yeye, na ametoka wapi, na batoto wangapi. Wanawake hawawezi kuacha swali la batoto bila jibu, hata Mwanza. Halafu umwalike nyumbani, kabla hajakualika. Na kama kuna mwingine kwenye benchi la mwisho, umshike mkono kabla hajafika mlangoni. Kukaa nyumbani sitaki kusikia. Utaniandikia majina matatu, na nitajua kama umeyatunga.

Maman Patricie anakusalimu, anasema sauti yako haijapata mtu wa kuishika kwenye korali. Pasta Wenceslas anakusalimu. Mjomba wako Mucyo anakusalimu bila kujua, maana Jumamosi hakufika. Védastine na batoto wake, Tumukunde na Mukundwa, wanakusalimu, na wanauliza mtoto wako anaitwa nani, ili wamtaje wakiomba. Gobele za Maman Shadia nilizirudisha zote kumi na mbili, naye anakusalimu.

Msalimie Kalisa, mwambie anywe asali kwa kile kifua. Mbusu mtoto kwenye fizi.

Mungu akufungulie nyumba za watu huko ugenini, akuwekee muntu wa kukuita kwa jina kabla mvua hii haijaisha, na akutunze wewe na walio wako.

Ni mimi, anayekupenda na kukugombeza kwa mdomo huohuo,

koko yako,
Mukagasana